Bunduki ya Kumi na Mbili: Maisha ya Lamar Hockenberry, 1944–2023

Mchungaji Ebersole, ndugu wa marehemu, majirani wa Barner's Run, na nyote mlioacha kazi zenu Jumatatu ya leo mkaja kutusitiri, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mkae mtulie, maana karatasi hii ni ndefu, na mwenyewe aliagiza isikatwe. Ninayesoma ni Twila, mtoto wake wa pili, kaka yangu Dwight ndiye mkubwa na ndiye aliyepaswa kusimama hapa, akasema sauti haitatoka, akanisukumia mimi, na kwa kuwa humu ndani nimetajwa mara nyingi, na si mara zote kwa mema, nitajisoma kwa jina langu kama ninavyowasoma wengine. Jambo moja nalitanguliza ili msishtuke katikati, nalo ni kwamba marehemu ameacha maneno yake ya kusomwa mbele ya mjukuu wake Janelle, na Janelle yupo, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, wala msigeuke kumtazama, mwacheni. Ameyasubiri maneno hayo miaka karibu kumi na miwili, na pengine hakujua kwamba anayasubiri, na leo atayasikia mahali pake yatakapofika.

Marehemu Lamar Dietz Hockenberry alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1944, hapa hapa Barner's Run, Pennsylvania, katika chumba cha juu cha nyumba ileile aliyofia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Harvey na mama Ida Hockenberry, na katika hao watano amebaki shangazi yetu Verna peke yake, aliyekaa hapa mbele, ambaye masikio yamechoka, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipaza sauti. Mzee Harvey alifuga ng'ombe wa maziwa, na katika jikoni yake, nyuma ya mlango wa stoo, tangu kabla marehemu hajazaliwa, palisimama bunduki ndogo pamoja na ufagio na viatu vya mvua, ya kufukuzia mbweha na wanyama wanaochimbua bustani. Silitaji hilo kwa kuwasema wazee wetu, kila mmoja wenu humu ndani anajua ya kwao ilisimama wapi.

Alianza masomo Septemba 1950 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, chini ya Bi. Saltzgiver, mwalimu ambaye wakongwe bado wanakaa wima wakitajiwa jina lake, na inasemekana siku moja kamba ya bendera ilinasa, Lamar akapanda mlingoti kuinasua, mwalimu akamfokea kutoka chini, "Ukianguka nakuchapa!" naye akajibu kutoka juu, "Nikianguka, Mwalimu, utakuwa umechelewa." Alimaliza sekondari Juni 1962, akasaidia zizini kwa baba yake, kisha akaitwa jeshini Februari 1964, akatumikia miaka miwili Ujerumani akifunga nyaya za simu, akarudi Februari 1966 bila jeraha wala cheo kikubwa, na alikuwa akisema vyote viwili vilimfaa.

Tarehe 4 Aprili 1966 aliajiriwa na shirika la umeme la vijijini kuwa fundi wa nyaya, kazi aliyoifanya miaka arobaini hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, katika barafu, upepo na mafuriko, na naona wenzake wamejaza benchi tatu hapa kulia, mikono yenu hiyo haijifichi hata mkivaa suti. Mnajua wenyewe desturi ya kazi yenu, lakini wapo wasioijua, kwamba fundi hapandi nguzo mpaka kwanza azime swichi ya mstari wa umeme, aifunge kwa kufuli lake mwenyewe, atundike kibao chekundu chenye jina lake, na hakuna mtu mwingine, hata bosi, anayeruhusiwa kulifungua kufuli lile mpaka mwenye jina ashuke. Marehemu alikuwa akirudi kulitikisa kufuli mara mbili, vijana wakamtania kwamba hajiamini, akawaambia, "Najiamini sana, ila kufuli halichoki." Katika miaka yote arobaini hakuna fundi aliyeumia kwenye mstari aliofunga yeye.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyompa mke, maana dhoruba ya Januari 1967 iliangusha nguzo shambani kwa akina Brubaker, Lamar akatumwa, akaimaliza kabla ya saa sita mchana, na saa tisa bado yupo juu, mpaka binti wa nyumba, Arlene, akatoka na kikombe cha kahawa akamwita, "We kaka, taa zimewaka tangu asubuhi, huko juu unatafuta nini tena?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Mei 1967 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Dwight aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1969, na Twila aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1973. Twila naye akaolewa na Galen Sieber mwaka 1998, wakapata mabinti wawili, Janelle tarehe 3 Agosti 2001, na Tessa tarehe 9 Mei 2005. Mimba za Twila zote mbili Arlene alizijua kabla hajaambiwa, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Mwaka 1984 marehemu alianza kujitolea kufundisha watoto usalama wa bunduki kabla hawajapata cheti cha kuwinda, akafundisha miaka ishirini na saba katika ukumbi wa wazima moto, Jumamosi baada ya Jumamosi, na nadhani nusu ya watu waliomo humu walipita mikononi mwake. Somo lake la kwanza mnalijua kwa moyo, kwamba bunduki yoyote ukiishika, ichukulie ina risasi, usimpe mtu, usiiweke chini, usiiegemeze, mpaka kwanza umeifungua na kutazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho yako. Aliwarudisha watu wazima wenye pembe za kulungu ukutani waliolikosea somo hilo, na kuna mmoja hapa, simtaji, aliyefeli mara tatu. Janelle alianza kukaa darasani kwake akiwa na miaka saba, umri wa cheti ni kumi na mmoja, lakini aliyajibu maswali yote kabla ya wakubwa, mpaka babu yake akawa anamwambia, "Nyamaza kidogo, mama, wape na wengine nafasi."

Nyumbani kwake marehemu alikuwa na bunduki kumi na moja za kuwindia, zote ndani ya kabati la chuma, limefungwa, risasi zimefungiwa kwingine, na mtu akimuuliza anazo ngapi, alijibu kumi na moja. Ile ya nyuma ya mlango wa stoo hakuihesabu. Hakuificha wala hakusema uongo, ndivyo tulivyo sote, ile haikuwa bunduki, ilikuwa chombo cha shamba kama jembe, ilikuwepo tu, alimkuta nayo baba yake na baba yake alimkuta nayo babu yake. Mganga hajigangi. Mtu aliyefunga kila swichi ya kaunti hii kwa kufuli lenye jina lake aliishi miaka sitini na saba na kitu kile nyuma ya mlango wa jikoni yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekiona, ingawa tulikipita kila siku kwenda kuchukua unga.

Sasa nafika Jumatatu tarehe 28 Novemba 2011. Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, shule zote zimefungwa kama ilivyo desturi, na Twila, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya wazee, aliwaacha Janelle na Tessa kwa bibi yao saa kumi na moja alfajiri, wakiwa bado wamevaa nguo za kulalia ndani ya makoti. Marehemu alikuwa ameshapanda mlimani. Saa nne na robo asubuhi alirudi na kulungu dume mkubwa nyuma ya pikapu, bunduki yake ya kuwindia ikiwa tupu na imefungwa kama sheria inavyotaka, akapiga honi uani, na mnajua honi ile maana yake nini, watu wote hutoka kuona. Arlene akatoka mbio na kamera, akiwaambia watoto, "Vaeni viatu kwanza, kuna theluji!" Viatu vilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Tessa, mwenye miaka sita, akaishika ile bunduki ndogo aisogeze apate kiatu chake. Janelle, mwenye miaka kumi, akaona, akamwambia mdogo wake, "Usiiweke chini, Tess, nipe, ngoja niifungue kwanza." Akaipokea. Risasi ilikuwemo, marehemu aliiweka Jumamosi kwa sababu ya mbweha aliyekuwa akimaliza kuku, na vidole vyake vyenye baridi yabisi havikuweza tena kuipakia haraka. Tessa aling'ang'ania, au hakuachia kwa wakati, hilo halikujulikana, na komeo la bunduki lilikuwa gumu kwa vidole vya mtoto. Ilifyatuka mara moja. Tessa alifariki katika jikoni ile kabla gari la wagonjwa halijapanda kilima.

Twila aliitwa kutoka kazini, akafika baada ya dakika kumi na mbili, Janelle alikuwa amesimama barazani na soksi tu katika theluji, na maneno ya kwanza aliyotamkiwa na mama yake, mbele ya bibi yake na majirani waliokwisha kukusanyika, yalikuwa, "Umefanya nini?" Kwa mpelelezi wa polisi mtoto alisema sentensi moja tu, "Nilitaka kuifungua, Babu anasema usiiweke chini kabla hujaifungua," kisha kuhusu siku ile hajasema neno tena, kwa mtu yeyote, mpaka Ijumaa iliyopita.

Hakukuwa na kesi. Wakubwa waliandika ajali, gazeti likaandika ajali, na nyinyi mkaja na vyungu vya chakula mkakaa nasi mkasema ajali haina kinga, mkisema kwa wema, Mungu awalipe. Tessa alizikwa Ijumaa tarehe 2 Desemba, katika makaburi haya haya tutakayokwenda leo, na mchungaji aliyekuwepo wakati ule alipofika mahali pa kusema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, marehemu alisimama kwenye benchi la pili akiwa ameshika kofia, akasema, "Samahani, Mchungaji, Mungu hakuweka bunduki nyuma ya mlango, niliweka mimi." Mtu mmoja alimvuta koti akae, akamwambia kwa kunong'ona, "Lamar, ajali haina kinga," na yeye, bila kunong'ona, akajibu, "Hii ilikuwa nayo. Kufuli la bunduki linauzwa duka la vifaa, limening'inia karibu na misumari miaka yote, nalipita nikinunua waya."

Februari 2012 polisi walimrudishia ile bunduki ndogo, akaikata vipande vipande kwa moto katika karakana yake, Arlene akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaanza ile safari mnayoijua, ya nyumba kwa nyumba, na kapu la kufuli za waya za kufungia bunduki, na vibao vyekundu alivyovitengeneza mwenyewe. Hakupokelewa vizuri. Wapo waliomfungia mlango, yupo aliyelitupa kufuli mtaroni mbele ya macho yake, watoto wakamwita Lamar Kufuli, na kwenye mkahawa wa njia panda meza yake ya miaka thelathini ilijaa watu wengine kila alipoingia. Jirani yetu Clair Fultz ameniruhusu niyasome ya kwake. Alimkuta Lamar mlangoni, akamwambia, "Bwana we, umeanza kutumwa na wale wa mjini wanaotaka kutunyang'anya?"

"Sijatumwa na mtu, Clair, wala sichukui kitu. Unazo ngapi?"

"Tisa, na zimefungwa, usinifundishe."

"Na ya bandani?"

"Ile si bunduki, bwana, ile ya kuulia panya."

"Basi hiyo ndiyo niliyoifuata," marehemu akasema, akaweka kapu chini, na mke wa Clair, Mungu amrehemu, akapiga kelele kutoka jikoni, "Mfungie, Lamar, na mdomo wake ufunge hukohuko!" Clair akafunga, kwa hasira, na kibao chekundu bado kipo. Miaka kumi marehemu alifanya hivyo, na kila Oktoba alirudi ukumbi wa wazima moto, si kama mwalimu, cheo alikirudisha, akasimama dakika kumi mbele ya watoto na wazazi, akasema jina la Tessa, umri wake, na mahali bunduki ilipokuwa, akaketi. Walimwambia anawatisha watoto. Akasema anaongea na wazazi.

Twila hakuwahi kwenda kumsikiliza. Siku ya Pasaka 2012 alikwenda nyumbani kwa baba yake akamkuta mezani, akamwambia, "Baba, ziuze zote." Akajibu, "Twila, hizo kumi na moja zilikuwa zimefungwa, nikiziuza watu watasema Lamar amemaliza kulipa, na mimi sijamaliza."

"Basi chagua, hizo au mimi."

"Mwanangu, usiniweke hapo."

"Umeshajiweka." Akaondoka, na hakuketi tena kwenye meza ile kwa miaka kumi na mmoja. Ndoa yake ilivunjika mwaka 2014. Janelle alikua kimya, akimaliza kula ananawa mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika, alipofikisha miaka kumi na minane akahamia Lancaster, anakofanya kazi ya kutengeneza miwani, na mama yake akajiambia mtoto ameshapona kwa kuwa hasemi. Arlene alifariki tarehe 9 Februari 2018 kwa kiharusi, Twila akaja kumzika mama yake, akasimama upande wa pili wa kaburi, baba yake akamtazama kupitia shimo lile na yeye akatazama chini. Wengi wenu mliona. Mlifikiri ni ukaidi, na wengine mlimsifu kwamba ana msimamo.

Tarehe 11 Juni 2023 madaktari waligundua kwamba marehemu ana saratani ya kongosho, imesambaa, wakampa miezi, naye akakataa kulazwa, akataka kufia alikozaliwa. Dwight alimpigia Twila simu, akamwambia, "Mimi niko Ohio na mgongo mbovu, wewe uko maili sita, sasa amua," na Twila akaja tarehe 3 Julai na mfuko mmoja wa nguo, akisema atakaa wiki. Walipoonana marehemu alisema, "Stoo ina mlango mpya," Twila akasema, "Nimeuona," na hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya siku ya kwanza. Muuguzi wa wagonjwa wa nyumbani, Bi. Yesenia Cordero, alipokuja kujaza fomu akauliza, kama wanavyouliza wote, iwapo kuna silaha ndani ya nyumba, marehemu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Zipo kumi na moja, na mara hii nimehesabu zote."

Usiku huo maumivu yalikuwa makali, na asubuhi alimwita Twila, akatoa chini ya mto funguo za kabati na za risasi, akamwekea mkononi, akasema, "Nenda nazo kwako. Mtu mwenye maumivu hivi asilale na funguo." Twila akasema, "Baba, huwezi hata kushuka ngazi." Akasema, "Leo. Jana niliweza." Twila alikaa kwenye ngazi ya baraza na funguo zile, akalia mara ya kwanza tangu mwaka 2011, maana ilimwingia kwamba mzee huyu ambaye Twila alimchukia miaka yote alikuwa anafanya kila siku jambo ambalo yeye hakulifanya hata mara moja, yaani kutazama kilicho mbele yake na kukiita kwa jina. Zile bunduki leo zipo kwa Clair, amezifungia, na kufuli lina jina la Twila.

Tarehe 2 Oktoba, mbele ya Bi. Yesenia na Clair Fultz, marehemu alisema maneno aliyotaka yaandikwe, wakayaandika, akatia sahihi, na jina linasomeka. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa mbili kasorobo asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa. Ijumaa Twila alimpigia simu Janelle, na Janelle akasema, "Sitaki kuja kusikia watu wakisema ajali, Mama."

"Hawatasema."

"Nani anasoma?"

"Mimi."

"Utasoma yote?"

"Yote."

"Nitakaa nyuma," akasema.

Haya ndiyo maneno yake, nayasoma yalivyo.

"Mimi Lamar Hockenberry, nikiwa na akili zangu timamu, nasema hivi. Jumamosi tarehe 26 Novemba 2011 niliweka risasi katika bunduki ndogo, nikaisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, nikaenda kula. Jumatatu mjukuu wangu Tessa aliikuta. Mjukuu wangu Janelle, akiwa na miaka kumi, ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyefanya siku ile nilichomfundisha, mimi mwalimu sikukifanya. Kuifungua bunduki yenye risasi ilikuwa kazi yangu, tangu Jumamosi, nikamwachia mtoto. Aliyemwua Tessa ni mimi. Sisemi hivyo kwa huzuni ya mgonjwa, nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kazini kwetu asiyefunga swichi ndiye anayejibu. Janelle, huu mzigo si wako na haujawahi kuwa wako. Mtu yeyote akikubebesha, hata akiwa mama yako, anakudanganya. Ulikuwa mwanafunzi wangu bora. Nisamehe kwamba nilikufundisha kila kitu nikakuachia na kazi hiyo."

Amemaliza. Hapa nami naacha kujiita Twila, maana kinachofuata hakimo katika karatasi yake. Janelle, siku ile nilishuka kwenye gari nikakuuliza umefanya nini, na ulikuwa mtoto, umesimama na soksi kwenye theluji. Viatu vyangu vilikaa kando ya bunduki ile tangu nazaliwa mpaka nilipoolewa. Nilijua ipo. Nilikupelekeni wewe na mdogo wako katika jikoni ile mara mia, nikiijua, na sikumwambia baba yangu hata siku moja, Baba, itoe. Nilikuuliza wewe ili nisijiulize mimi, kisha nikamnunia babu yako miaka kumi na mmoja kwa sababu hiyohiyo. Hukufanya kitu, mwanangu. Nilipaswa kukufunika koti, na sikukufunika. Naomba unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kwa namna ya pekee Bi. Yesenia Cordero aliyekuja hata siku zisizo zake, majirani waliopika, waliokata majani na waliolisha kuku, mafundi wa nyaya wa zamani na wa sasa waliochimba kaburi kwa mikono kwa kuwa hawakutaka mashine, na Clair Fultz kwa mambo mengi. Shukrani pia kwa wale mliomfungia marehemu mlango usoni kisha mkamfungulia mwaka uliofuata, alijua majina yenu na hakuwa na kinyongo.

Marehemu alitaja wabebaji wa jeneza watano, mafundi wenzake wanne na mwanawe Dwight, mgongo au si mgongo. Nafasi ya sita, mbele kushoto, aliagiza iachwe wazi kwa ajili ya Janelle, na aliagiza asiulizwe kabla, asibembelezwe, akitaka atakuja, asipotaka Clair amevaa glavu na yuko tayari, na mtu asinong'one neno. Kwa hiyo tunangoja kidogo.

Clair, kaa chini. Mliokaa ukingoni mwa benchi naomba mvute miguu, anakuja, mpisheni apite.

Baba, lala kwa utulivu, tunakuja kukubeba.